Bokoboko la Idi: ngano, nyama na subira

Bokoboko ni ngano na nyama zilizopikwa pamoja hadi zikawa kitu kimoja. Pwani hupikwa Idi na harusini. Oman huitwa harisi, na mwaka 2023 UNESCO iliuorodhesha upishi wake kuwa urithi wa Oman, Saudia na Imarati.

Kwa kilo 1 ya ngano iliyokobolewa, mimi hutia kilo 1 ya nyama yenye mfupa. Ngano hulala majini usiku kucha. Nyama naichemsha na mdalasini, kitunguu thomu na tangawizi. Ikilainika natoa mifupa yote, maana kifupa kikijificha humo humkwama mtoto. Kisha natia ngano kwenye supu, maji yaizidi kwa vidole vinne, moto mdogo, saa 3 au 4. Ngano ikishapasuka natia chumvi, napiga mwiko mpaka bokoboko livutike. Hapa usiondoke: likishika chini, harufu ya kuungua huenea sufuria nzima na hakuna samli ya kuificha.

Pakua kwenye sinia, juu umwagie samli na vitunguu vya kukaanga. Wengine hunyunyiza sukari.

Siku hizi nyama ghali, na watu wanapunguza wageni. Kwenye pilau vipande vinahesabika, na wa mwisho hupata mchele mtupu. Bokoboko halina vipande: kila tonge lina nyama, mzee asiye na meno anakula, na aliyekuja bila kualikwa anapata sawa na mwalikwa.