Bunduki ya mshitakiwa: Ituri inatufundisha nini?

Kuna swali moja ambalo wenzetu wa sheria hawachoki kulibishania: mtu akishitakiwa lakini bado hajahukumiwa, anaweza kubaki na bunduki yake? Kule Marekani, sheria ya shirikisho inamkataza mshitakiwa wa kosa kubwa kupokea bunduki mpya, lakini yenyewe haimnyang'anyi zile alizokuwa nazo. Kwetu Kongo mambo yanaanzia pengine. Sheria ya silaha ya 1985 inampa raia kibali tu, na mwenye kutoa kibali ni serikali.

Sasa tuangalie yaliyopita hapa kwetu. Mwezi wa 6 mwaka 2003, askari wa operesheni Artemis ya Umoja wa Ulaya, wakiongozwa na Wafaransa, waliingia Bunia na kuitangaza kuwa mji usio na silaha za kuonekana. Hakuna aliyeulizwa kwanza kama aliua ama hakuua. Mwenye bunduki aifiche ama atoke mjini, basi. Mji ukapumua kidogo, lakini huko vijijini mauaji yaliendelea.

Mwaka 2004 ukaanza mpango wa kuwapokonya silaha wanamgambo wa Ituri, na mwisho ukawekwa tarehe 1 mwezi wa 4, 2005. Wapiganaji zaidi ya 15,000 walipitia mpango huo. Hapa pia hukumu haikungojewa, na mimi naona ilikuwa sawa. Kudhaniwa huna hatia kunalinda mwili wako na jina lako, hakulindi Kalashnikov yako.

Shida ilikuwa kwa wakubwa. Mwezi wa 12, 2004, Kinshasa ilimpa Germain Katanga cheo cha jenerali. Mwezi wa 3, 2005, baada ya walinda amani 9 wa Bangladesh kuuawa Ituri, akakamatwa. Alifungiwa Kinshasa bila kuhukumiwa mpaka mwezi wa 10, 2007, alipopelekwa La Haye. Mathieu Ngudjolo naye alifanywa kanali mwaka 2006, akapelekwa La Haye mwaka 2008 juu ya mashambulizi ya Bogoro, na tarehe 18 mwezi wa 12, 2012 akaachiliwa huru. Karibu miaka mitano kifungoni, na mwisho hana hatia.

Kijana wa Djugu ama Irumu alisoma nini hapo? Kwamba bunduki inaweza kukuletea nyota begani ama jela, kutegemea upepo wa siasa, na kwamba aliyeirudisha anabaki bila mlinzi. Njo maana miaka mingi baadaye, CODECO na makundi mengine yalipata vijana wa kuandikisha.

Katiba ya 2006 iko wazi. Kifungu cha 17 kinasema mshitakiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda wanamgambo. Vifungu hivyo havipingani. Serikali inaweza kuchukua bunduki kabla ya hukumu, lakini ikiichukua inabaki na madeni mawili: kumlinda aliyeitoa, na kumhukumu upesi aliyeshitakiwa. Tangu tarehe 6 mwezi wa 5, 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kesi za jinai za raia zikapelekwa kwa mahakama za jeshi.

Ninyi wenye kusoma sheria na historia, mnaonaje: kati ya madeni hayo mawili, lipi lilipwe kwanza?