Hamali wa Maporomoko

Mtu wa Isangi, mji uliokaa pale mto Lomami unapoyakabidhi maji yake kwa mto Kongo, akishikwa na shauku ya kuliona gari la moshi hana budi apande chombo, akwee mto zaidi ya kilomita 100, aipite Yangambi na mashamba yake ya utafiti yaliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933, na akisha kushuka Kisangani atambue kwamba bado hajafika. Kwani mji wenyewe, pamoja na masoko yake na kanisa lake kuu na afisi zake, uko ukingo wa kulia, ilhali stesheni iko ng'ambo, Lubunga, ukingo wa kushoto, na daraja hakuna. Basi atavuka tena. Mimi sijui mji mwingine katika nchi zetu hizi ambao wakaazi wake hulazimika kupanda mtumbwi au pantoni ili wakaitazame reli yao, na kwa muda mrefu niliidhani kuwa ni kasoro ya wahandisi, mpaka nilipofahamu kwamba reli ile haikujengwa kwa ajili ya mji. Ilijengwa kwa ajili ya mto.

Baina ya Ubundu na Kisangani mto huanguka mara saba katika masafa yapatayo kilomita 100, ukishuka kiasi cha mita 60 kwa jumla, na hayo ndiyo maporomoko ya Boyoma, ambayo Wazungu waliyaita kwa jina la Stanley. Juu yake mto huitwa Lualaba. Chini yake huitwa Kongo, kana kwamba maji yenyewe, baada ya kuvunjikavunjika juu ya majabali, yameona ni aibu kuendelea na jina la zamani. Wagenia, walio mabingwa wa poromoko la mwisho, hutega madema yao makubwa juu ya miti iliyosimikwa katikati ya mkondo, na wao peke yao ndio waliopata faida kwa yale yaliyokuwa msiba wa kila msafiri. Stanley, yule msafiri wa Kizungu, alipopita mwezi wa Januari 1877 iliwabidi watu wake wazitoe ngalawa majini na kuziburuta msituni kandokando ya maporomoko. Miaka kumi baadaye Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliwekwa na Leopold, mfalme wa Wabelgiji, kuwa wali wa mahali pale, na pembe zote zilizotoka Nyangwe na Kasongo zikielekea upande wa chini, kama bunduki na vitambaa vilivyokwenda upande wa juu, hazikuwa na gari ila shingo ya mpagazi. Watu wake walishuka hata kinywani mwa Lomami, na pamoja nao ikashuka lugha, ile ambayo mpaka leo wengine huiita Kingwana, kwa sababu ilikuja na Wangwana.

Haya nayataja si kwa kupamba maneno, bali kwa sababu reli ya maporomoko ni mrithi wa yule mpagazi, na asiyelijua hilo atalitazama gari lake bila kuliona.

Kampuni iliyoijenga, ambayo jina lake refu la Kifaransa watu walilikata likawa herufi tatu tu, CFL, iliundwa mwaka 1902 na Baron Édouard Empain, tajiri yule yule aliyewachimbia watu wa Paris reli yao ya chini kwa chini na ambaye baadaye aliusimamisha mji wa Heliopolis katika jangwa la Misri. Azma ilikuwa kubwa kuliko matokeo: walitaka reli ipenye msitu hata maziwa makuu ya mashariki. Walichokipata kwanza, mwaka 1906, ni kilomita 125 kutoka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, hata Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu. Tippu Tip alikuwa amefariki Unguja mwaka mmoja kabla. Kuhusu waliokata miti, wakafukia mabonde na kulaza mataruma, itoshe kusema kwamba hizo zilikuwa zama za Dola Huru ya Leopold, zama za shokoa na mpira, ambapo mwanamume wa kijijini hakuulizwa kama anataka kazi. Na lau reli ile ingeandikiwa majina ya waliokufa kwa ajili yake, nadhani kila taruma lingepata lake.

Kisha mnyororo ukarefushwa, pingu moja baada ya nyingine. Mwaka 1910 reli ya pili ilitoka Kindu ikafika Kongolo, kuyakwepa maporomoko mengine. Mwaka 1915 ya tatu ikatoka Kabalo ikafika Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Na ng'ambo ya ziwa Wadachi walikuwa wamekwisha kuifikisha Kigoma, mwaka 1914, reli yao iliyoanzia Dar es Salaam. Hesabu basi safari ya mtu aliyetoka Bandari ya Salama akiitaka bahari ya magharibi: gari hata Kigoma, meli ya ziwani, gari hata Kabalo, masua, yaani meli ya mtoni, hata Kongolo, gari hata Kindu, masua hata Ponthierville, gari hata Stanleyville, masua siku nyingi hata Léopoldville, na mwisho gari tena hata Matadi. Mara tisa mzigo wake ulitwikwa, mara nane ukatuliwa njiani. Katika mfuatano huo gari la Lubunga lilikuwa na sehemu fupi kuliko karibu zote, nalo halikuwa na hiari ya saa zake: lilikuwa mtumwa wa masua, na masua ilikuwa mtumwa wa maji, yakipungua ikakwama mchangani. Desturi ya watu wa Ulaya, hasa Waingereza, ambao husimama stesheni na daftari mkononi wakiandika nambari za vichwa vya magari ya kale, isingeweza kuota mizizi mahali pale. Watu walikwenda kulitazama gari, tena kwa wingi, lakini waliangalia nani ameshuka.

Hata hivyo kichwa chenyewe kilistahili kutazamwa. Vichwa vya mvuke vya njia ile havikula makaa ya mawe bali kuni, maana msitu ulikuwa umesimama pande zote mbili kama ghala isiyo na mlango, na kuni zilipangwa kwa mirundo kando ya reli zikingojea. Mwenye kujua moto wa kuni atafahamu tofauti: makaa huungua kwa utulivu, bali kuni hunguruma, hurusha cheche, na kuni mbichi ya msitu wa mvua hutoa moshi mwingi kuliko joto, hata dereva akalazimika kuusubiri mvuke kama mwanamke anavyosubiri chungu kilichokataa kuchemka. Vijiji vya njiani vilihesabiwa kwa kilomita tangu Kisangani, na hesabu hiyo ikaingia katika majina: mtu husema anatoka kilomita 25, au kilomita 41, kama vile mwingine asemavyo anatoka Pangani.

Jambo lililoyafanya magari haya yawe ya kale, na yabakie ya kale, ni dogo sana, ni la milimita 67. CFL ilijenga reli zake zote kwa upana wa milimita 1000, sawa na reli za kwetu mashariki, kutoka Mombasa hata Kampala na kutoka Dar es Salaam hata Kigoma. Katika miaka ya 1950, ilipotakikana reli za Kalemie na Kindu ziungane na ile ya Katanga, ambayo upana wake ni milimita 1067, zilivunjwa zikapanuliwa. Lakini njia ya maporomoko, maadamu haikuungana na chochote ila maji huku na maji kule, iliachwa kama ilivyozaliwa. Tofauti hiyo haizidi upana wa vidole vinne. Kwa ajili yake kichwa cha Lubunga kingeweza kukimbia Tabora bila taabu, mji ambao hakitauona abadan, lakini hakiwezi kutia gurudumu katika reli ya Kindu, ambayo ni ya nchi yake na ilikuwa ya kampuni yake. Basi hakikuweza kubadilishwa kwa kingine cha jirani, wala jirani kukiazima. Kikiharibika hutengenezwa papo hapo kwa kilichopo.

Mwaka 1951 watengenezaji wa filamu ya The African Queen, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, walipiga kambi kwenye mto Ruiki karibu na Ponthierville, na dunia ikavutiwa na chombo kidogo cha mvuke kilichokuwamo filamuni. Gari la mvuke lililofanya kazi jirani yake halikupata sifa hiyo. Uhuru ulikuja, vita vya mwaka 1964 vikapita juu ya mji, majina yakabadilishwa mwaka 1966. Mvuke ukaiachia dizeli nafasi.

Lakini tarehe moja siwezi kuipita upesi. Mwaka 1997 wakimbizi wa Kirwanda, waliosukumwa na vita msituni hata wakafika kandokando ya reli hii, walikuwa wamekusanyika Kasese, kilomita 25, na Biaro, kilomita 41, na gari likatumwa kuwaleta Kisangani ili warudishwe kwao. Tarehe 4 Mei gari lilipofika kutoka Biaro, 91 kati yao walikuwa wamekufa, wamekanyagwa na kukosa pumzi kwa msongamano wa mabehewa. Waliosimama Lubunga siku ile walikuwa wakifanya yale waliyoyafanya wazee wao, kutazama nani anashuka.

Huku chini, Isangi, mluzi wa gari haukupata kusikika kamwe. Walokele walio jirani, ambao mmisionari John Carrington wa Yakusu aliandika kitabu mwaka 1949 juu ya namna ngoma zao za gogo zinavyosema kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, waliweza kutangaza kwamba masua inakuja kabla moshi wake haujaonekana. Watu wakateremka ukingoni. Masua ikifunga kamba, macho hayakuangalia abiria kwanza. Yaliangalia sitaha, kama pana magunia ya mchele wa Maniema, kule juu ya maporomoko, mchele uliopandwa kwanza na watu wa pwani. Na palipokuwa na magunia, mtu aliyesimama Isangi alijua, bila kuuliza, kwamba ule mzigo umekwisha kutwikwa na kutuliwa Lubunga, na kwamba kule juu hamali bado anatembea.