"Walio hatarini" si "makundi hatarishi"

Katika utafiti wa magonjwa ya mlipuko kuna istilahi isiyokosekana: ile inayowataja watu ambao ugonjwa, ukishaingia, huwaumiza kuliko wengine. Kwa Kiswahili tumeipa majina mengi. Taarifa za afya husema makundi maalumu, wanasiasa husema wanyonge, nyaraka za miradi husema watu wanaoishi katika mazingira hatarishi, na matangazo, kwa kufupisha, husema makundi hatarishi. Majina hayo hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Hayana, na tofauti zake si za kupuuzwa, kwa sababu jina huchangia kuamua nani apimwe, nani achanjwe kwanza na nani aepukwe mtaani.

Tuanze na umbo. Nomino hatari imezaa kitenzi hatarisha, na kitenzi hicho kimezaa kivumishi hatarishi. Vivumishi vya namna hii hutaja kinachotenda. Filamu elimishi ni ile inayoelimisha; mbinu shirikishi ni ile inayowashirikisha watu. Mazingira hatarishi, basi, ni mazingira yanayowahatarisha waliomo, na hapo sarufi na maana vinakwenda pamoja. Tanzania ililizoea tamko hilo katika mapambano dhidi ya UKIMWI, ilipobidi kuwataja yatima na watoto wengine waliohitaji kuhudumiwa. Lakini ondoa neno mazingira, ubaki na makundi hatarishi, na utakuwa umesema makundi yanayowahatarisha wengine. Mgonjwa wa kisukari, bibi wa miaka 80, mama anayemuuguza mwanawe: wote wanaostahili kulindwa wamegeuzwa kuwa watu wa kuogopwa. Ugonjwa unapoenea, watu huwa tayari wanatafuta wa kumlaumu. Lugha isiwasaidie kumpata.

Tunalo neno bora zaidi, nalo ni jepesi: hatarini. Kiambishi -ni hapa ni cha mahali, kama katika shambani na njiani. Tunasema wanyama walio hatarini kutoweka, na hakuna anayedhani kwamba wanyama hao ni wakali. Kumwita mtu aliye hatarini hakumdhalilishi wala hakumshtaki. Kunasema tu kwamba amekutwa mahali pabaya, na papo hapo kunazua swali: ni hatari gani, na imemkuta wapi? Wanyonge hukata swali hilo kwa kuifanya hali kuwa sifa ya mtu. Makundi maalumu hulificha, kwa kuwa hayataji hatari yoyote. Hatarini hulidai jibu, na tafiti za UVIKO-19 zimetuonyesha kwamba majibu ni angalau matatu.

Hatari ya kwanza ni ya kuambukizwa. Singapore ina mabweni makubwa ya wafanyakazi wahamiaji, wengi wao vijana kutoka Bangladesh na India wanaofanya kazi za ujenzi na za karakana za meli. Walilala vitanda vya ghorofa, wengi katika chumba kimoja, wakatumia pamoja bafu na jiko. Desemba 2020 serikali ya huko ilitangaza matokeo ya vipimo, vikiwemo vya kingamwili katika damu, ambazo hubaki baada ya mtu kupona: kati ya wafanyakazi 323,000 wa mabweni hayo, 47% walikuwa wameshaambukizwa. Nje ya mabweni, maambukizi yalikuwa machache mno. Jiji lilikuwa moja na kirusi kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni nafasi ya kulala. Kenya nako kulikuwa na somo la namna hiyo. Watafiti walipima damu za wahudumu wa afya katika nusu ya pili ya mwaka 2020. Nairobi walikuta kingamwili kwa 43.8% ya waliopimwa, Kilifi kwa 11.5%. Wote walikuwa wahudumu wa afya, lakini hatari iliyowazunguka haikuwa sawa.

Hatari ya pili ni ya kuzidiwa. Kila Mswahili anajua maana ya kusikia kwamba mgonjwa amezidiwa, na sioni sababu ya kutafuta istilahi nyingine. Nchini Uingereza watafiti walichambua kumbukumbu za matibabu za watu wazima zaidi ya milioni 17 na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Waliofikisha miaka 80 walikuwa katika hatari ya kufa kwa UVIKO-19 mara 20 hivi kuliko wenye miaka 50 hadi 59. Kisukari na unene uliopindukia viliongeza hatari hiyo, na hali kadhalika umaskini wa mtaa anaoishi mtu. Sasa turudi Singapore. Pamoja na maambukizi yote yale, wafanyakazi wa mabwenini waliokufa walikuwa wachache sana, kwa kuwa wengi walikuwa vijana wenye afya. Walikuwa hatarini mno kuambukizwa, lakini hawakuwa hatarini sana kuzidiwa. Mzee anayetunzwa chumbani kwake, asiyetoka nje wala kupanda basi, hali yake ni kinyume chake. Ukiwaweka wote wawili chini ya jina moja bila kufafanua, utampa kila mmoja kinga ya mwenzake.

Hatari ya tatu ni ya kukosa tiba. Utafiti uliofanyika katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya na Msumbiji zikiwemo, ulifuatilia wagonjwa 3,140 wa UVIKO-19 waliohitaji uangalizi wa wagonjwa mahututi mwaka 2020. Ndani ya siku 30, 48.2% walikuwa wamefariki, wakati wastani wa dunia kwa wagonjwa wa aina hiyo ulikuwa 31.5%. Watafiti walitaja uhaba wa vifaa na wa wahudumu miongoni mwa sababu zilizochangia pengo hilo. Umri na maradhi mengine ni mambo ya mwili wa mgonjwa. Mashine ya figo isiyokuwepo ni jambo la hospitali na la bajeti.

Hatari hizi huweza kukutana kwa mtu mmoja, kama ilivyotokea kwa ndugu zetu wa Kivu Kaskazini, Kongo, wakati wa Ebola. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Asilimia 57 ya wagonjwa walikuwa wanawake na wasichana, na asilimia 29 walikuwa watoto chini ya miaka 18. Hakuna haja ya kutafuta udhaifu katika miili yao. Mwanamke ndiye anayemlisha mgonjwa, ndiye anayefua shuka zake na kusafisha matapishi. Ni yeye pia anayembeba mtoto mwenye homa kwenda zahanati, na katika mji wa Beni baadhi ya watoto waliopelekwa kutibiwa malaria waliambukizwa Ebola ndani ya vituo vidogo ambavyo havikuwatenga wagonjwa. Chanjo ilikuwepo, lakini mwanzoni wajawazito na watoto wachanga hawakupewa, hadi masharti hayo yalipolegezwa mwaka 2019. Kazi ya kuuguza, mpangilio wa zahanati na sharti la chanjo: kila kimoja kati ya hivyo kiliwekwa na watu, na watu wangeweza kukibadilisha.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wafasiri, wahariri na watangazaji ni hili. Hatarishi libaki kwa vitu na hali: mazingira hatarishi, kazi hatarishi, tabia hatarishi. Kwa watu tuseme walio hatarini, na kila inapowezekana tuongeze kitenzi: walio hatarini kuambukizwa, walio hatarini kuzidiwa, walio hatarini kukosa tiba. Hali yenyewe iitwe hali ya kuwa hatarini, na neno udhaifu tuliache, kwa kuwa humsingizia mgonjwa.

Kitenzi hicho kina kazi. Tanzania ilipozindua chanjo ya UVIKO-19 Julai 2021, waliotangulizwa walikuwa wahudumu wa afya, watu wenye miaka 50 na zaidi, na wenye maradhi sugu. Orodha ilikuwa moja, lakini ilikuwa na sababu mbili ndani yake: muuguzi kijana alitangulizwa kwa sababu hukutana na wagonjwa kila siku, babu kwa sababu akiugua anaweza kuzidiwa. Mwananchi akielezwa hivyo hatauliza kwa nini kijana mwenye nguvu amewekwa mbele yake kwenye foleni. Na mpangaji wa huduma za afya akiulizwa ni hatari ipi, hataridhika na chanjo pekee: atatafuta glavu na maji kwa wanaouguza, nafasi zaidi mabwenini, na oksijeni wilayani. Tukiita kila hatari kwa jina lake, tutajua pia nani anawajibika kuiondoa.