Kofia, kasketi na sindano: kazi ya kutarizi toka pwani hadi Kasenyi

Mtu akishuka toka Bunia kwenda Kasenyi, akivuka Bogoro na kuanza kuona ziwa Albert kule chini, kitu cha kwanza ambacho upepo unamuomba ni kofia yake. Wavuvi wetu wanalijua jambo hilo, njo maana wengi wanafunga kitambaa ao wanakaza kasketi mpaka masikioni. Mimi ni mwalimu, si fundi wa kushona. Niliingia katika habari hii ya kofia kwa mlango wa hasara, nami nitaieleza mbele ya kufika kwenye historia.

Miaka michache iliyopita, wazazi wa wafinalisti wetu walichanga pesa, mingi ikiwa pesa ya samaki, ili kila mtoto apate kasketi yenye jina la masomo yake mbele. Zilikuwa 24. Nilizinunua sokoni, zile ngumu zinazosimama zenyewe hata bila kichwa ndani, nikazipeleka kwenye atelye moja mjini yenye mashini ya broderi ya kompyuta. Niliporudi, 9 zilikuwa zimekufa. Herufi zimelala upande, nyingine zimepanuka kama mtoto amezivuta, na katikati, pale vipande viwili vya mbele vinapoungana, uzi umekatika mara kwa mara. Kijana wa mashini aliniambia: « Mwalimu, kasketi hizi ziko na kichwa kigumu. » Nilikasirika. Nilikuwa na wazazi wa kujibu. Lakini baadaye nimetambua kwamba alisema kweli kuliko alivyojua.

Tuanze mbali kidogo. Waswahili wa pwani, hasa Lamu na Zanzibar, wana kofia ya kutarizi kwa mkono tangu zamani, ile ya viua. Jina lingine, baraghashia, watu wanalihusisha na Sultani Barghash bin Said aliyetawala Zanzibar toka 1870 hadi 1888. Kofia hiyo ina vipande viwili tu: duara la juu na ukanda mrefu wa pembeni. Kitambaa kinakunjwa tabaka mbili, mchoro unachorwa, vinatobolewa vitobo vidogo vidogo na kila kitobo kinazungushiwa uzi, ndipo hewa inapita na kichwa hakichomeki. Kazi hiyo inaweza kumaliza miezi. Lakini angalia utaratibu wake, maana habari yote iko hapo: duara linatariziwa likiwa limelala sawa juu ya magoti, ukanda nao hivyohivyo, na kuunganisha kunakuja mwisho kabisa. Hakuna mtu wa pwani aliyeweka sindano katika kofia iliyokwisha kufungwa. Kofia hiyo ilivuka hata bahari. Waomani wengi waliorudi kwao toka Zanzibar, baada ya mapinduzi ya 1964 na tena baada ya 1970 Sultani Qaboos alipoingia, walirudi nayo, na leo kule inaitwa kuma.

Kwetu Ituri, lugha ya pwani ilifika pamoja na mambo ya pwani, mazuri na mabaya. Katika miaka ya 1880 watu wa misafara ya pembe na watumwa, walioitwa Wangwana, walikuwa wamekwisha kujenga vituo katika pori la Ituri; Stanley aliwakuta Ugarrowa na Kilonga-Longa humo mwaka wa 1887, naye mwenyewe alikuwa na wapagazi zaidi ya 600 aliowaandika Zanzibar. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo alifika kwenye ukingo wa ziwa letu. Kwa Wangwana hao njo tulipata jina Kingwana, Kiswahili ambacho bado tunakisema (na ambacho wenzetu wa Tanzania wanakicheka). Njia ya pili ilikuwa ziwa lenyewe. Wakati wa ukoloni, Kasenyi ilikuwa mlango wa Kongo upande wa Uganda: toka 1930 meli Robert Coryndon ilitoka Butiaba ikileta watu na mizigo mpaka bandari yetu, hadi maji yalipopanda miaka ya 1960 na kuharibu Butiaba. Kwa milango hiyo miwili pwani ilitufikia, moja kwa msitu na moja kwa maji.

Fundi mwenye mashini ya kanyagio naye ana broderi yake, na bado anaifanya. Anatoa mguu wa kukandamiza kitambaa, anashusha meno ya chini yanayokivuta, kisha anakikaza ndani ya duara mbili za mti, moja ndani ya nyingine, anaisukuma kwa mikono miwili kama mtu anayeandika kwa kusogeza karatasi badala ya kalamu. Tunaita serso. Kitambaa kinapaswa kulia kama ngoma ukikipiga kidole. Kisipolia, mshono utakunjamana.

Sasa kasketi. Ina vipande 6, vile 2 vya mbele vimebandikwa kitambaa kigumu kwa ndani. Ugumu huo njo uzuri wake sokoni, na njo adui wa fundi. Ukiikandamiza ilale katika serso ya kawaida, inainuka tena katikati kama chapati yenye hewa. Sindano ikishuka, kitambaa kinashuka nayo. Ikipanda, kinapanda nayo, na uzi wa chini haushikwi. Sindano ikifika kwenye mshono wa katikati, ambapo kuna tabaka nyingi, inapinda, inagonga chuma, inavunjika.

Mashini kubwa za kiwanda zina dawa yake. Badala ya serso bapa, zina chombo cha duara kama nusu ya ngoma. Fundi anageuza nje mkanda wa jasho, anavisha kasketi juu ya ngoma hiyo, anakaza ukanda wa chuma hapo chini karibu na mdomo wa kasketi, halafu anavuta sehemu ya nyuma na kuibana kwa vibanio. Ile ngumu zaidi inaloweshwa kidogo kwa maji ao kwa mvuke na kukandwa kwa vidole mpaka inyenyekee. Mchoro unaanzia chini katikati, unapanda na kwenda pande zote mbili, ili kitambaa kinachozidi kisukumwe nje na si kukusanyika katikati. Juu ya mshono unatangulizwa mshono mwepesi wa kulalisha. Mwendo unapunguzwa. Na jina refu halipandi sana, maana kuanzia sentimita 6 hivi kichwa kinaanza kujikunja. Mashini ndogo ya meza haiwezi kuvaa ngoma hiyo. Atelye yangu ilikuwa na ile ndogo.

Nilipeleka zile 15 zilizobaki safi, pamoja na zile 9, kwa mzee mmoja wa Kasenyi anayeshona karibu na ziwa. Mwaka wa 2018, wakati makumi ya maelfu ya watu walivuka ziwa kwenda upande wa Hoima, naye alivuka na kichwa cha mashini yake begani, meza akaiacha. Nilimsalimu, nikaweka mfuko chini.

« Baba fundi, nisaidie. »

Aligeuza moja, akapitisha kidole kwenye mshono. « Mwalimu, mulinunua nyumba yenye imefunikwa, sasa munataka kuingiza kitanda. »

Kwanza alifumua moja. Alitoa mkanda wa jasho, akafungua mishono ya pembeni, vipande vya mbele vikalala, akatarizi, akarudishia. Ilikuwa nzuri sana, lakini asubuhi yote ilikwenda kwa kasketi moja. Kwa zilizobaki aliandika majina juu ya vitambaa vya duara vikiwa katika serso, akavikata na kuvishona kwa mkono juu ya kasketi. Kwa zile 9 vikafunika makosa. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akanijibu hata viwanda vinafanya hivyo. Nimehakikisha: kiwanda chenye kupata oda kubwa kinatarizi vipande vya mbele vikiwa bapa, kisha ndipo kinaunganisha kasketi. Yaani kiwanda cha leo na mama wa Lamu wanafuata utaratibu mmoja. Ni sisi tu, tunaopokea kitu kikiwa kimekwisha kufungwa, tunaopigana nacho.

Sisemi vijana wetu waache mashini za kompyuta. Ninasema masomo yetu ya ufundi wa kushona yangewaonyesha wanafunzi kofia ya viua mbele ya kuwaonyesha kompyuta, ili mtoto ajue kwa nini sindano inavunjika. Kijana yule hakuwa mvivu, hakuna mtu alikuwa amemwambia.

Wafinalisti walivaa kasketi zao, zote 24. Mimi nilikwisha kuomba moja ya zile zilizoharibika, nikalipa nyingine mahali pake. Duara la mzee linafunika herufi zilizolala, lakini ndani, kwenye mshono wa katikati, ncha ya sindano ingali mle. Ukipitisha kidole inachoma.