Vilima vya Karafuu: Mambo ya Kutazama Madungu na Chake Chake

Wasafiri wapendao nchi ya vilima husifu sana miji ya chai. Aendaye Kericho, au Mufindi, au milima ya Usambara ya Mashariki, hukuta miteremko iliyofunikwa na michai iliyokatwa sawasawa, isiyozidi kiuno cha mtu, na njia nyembamba za wachumaji zikipita kati yake. Hahitaji kuambiwa kwamba ile ni kazi ya mikono ya watu. Macho yake yamwambia. Kisiwa cha Pemba nacho kina vilima vyake na zao lake, lakini huko macho huhadaika. Mkarafuu haukatwi kama mchai. Huachwa ukawa mti mrefu, wenye majani ya kung'aa mwaka mzima, na mgeni autazamapo mteremko wa mikarafuu hudhani ni mwitu. Si mwitu hata kidogo. Ni shamba lililopandwa, na habari za waliolipanda ndizo tunazotaka kuzieleza hapa, kwa ajili ya walimu wawachukuao wanafunzi wao kuitazama nchi.

Twaanzia Madungu, mtaa wa Chake Chake, mji ulio katikati ya kisiwa, juu ya kilima. Na upande wa magharibi, chini yake, hori la bahari laingia kati ya mikoko. Jina la mtaa huu latukumbusha neno alijualo kila mkulima wa mpunga. Dungu ni ulingo wa miti ulioinuliwa shambani, akaapo mlinzi kuwafukuza ndege wakati mpunga unapoiva. Hatutaki kulifanya neno hilo kuwa asili ya jina pasipo ushahidi wa wazee wa mahali. Ila lafaa kutukumbusha kwamba Pemba ilikuwa nchi ya mpunga kabla ya kuwa nchi ya karafuu. Katika zama za Wareno, na baadaye katika zama za Mazrui wa Mombasa, mchele wa Pemba ulivushwa bahari kuwalisha watu wa Mombasa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kisiwa hiki kugombaniwa. Hata leo mabonde yaliyo kati ya vilima hulimwa mpunga. Basi azungukaye pande za Chake Chake aweza kuzisoma zama mbili kwa mtazamo mmoja: mpunga bondeni, karafuu mlimani.

Katika mji wenyewe mgeni huonyeshwa mabaki ya ngome ya zama za Waarabu wa Omani. Sehemu yake kubwa ilibomolewa ili kupata nafasi ya hospitali, na kilichobaki kimefanywa jumba la makumbusho. Mazrui waliondolewa Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1820 na askari wa Seyyid Said bin Sultan, naye ndiye ambaye baadaye aliihamishia enzi yake Unguja. Katika zama zake karafuu zilienea. Asili ya mti huu ni visiwa vya Maluku, vilivyo leo katika nchi ya Indonesia. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyopandwa karafuu na Wafaransa, kisha ukavuka hata Pemba.

Kwa miaka mingi Unguja ilitangulia na Pemba ikafuata. Jambo lililogeuza hali hiyo lilitoka mbinguni. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikupata madhara kama hayo. Bei ya karafuu ikapanda, na kila mwenye ardhi Pemba akataka kupanda zaidi. Mkarafuu hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, nao wataka kupaliliwa muda huo wote. Kwa hiyo wenye mashamba walitafuta watu wa kazi. Lakini mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash alitia sahihi mapatano ya kuizuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Tazama jinsi mambo haya mawili yalivyokutana: biashara ilikatazwa wakati uleule Pemba ilipozidi kuwahitaji watumwa. Basi vyombo viliendelea kuwavusha watu kwa siri, na manowari za Waingereza zikavizia katika mkondo wa bahari. Mwaka 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa manowari London aliuawa katika maji ya Pemba alipotaka kukikagua chombo kilichochukua watumwa. Jina lake limehifadhiwa vitabuni. Watumwa waliokuwamo ndani ya chombo kile, hatuna jina la hata mmoja wao.

Ili mwanafunzi ajue uzito wa kazi yenyewe, ni vema apelekwe shambani wakati wa msimu. Karafuu ni ua lisilofunuka: huchumwa likingali tumba, linapoanza kuwa na wekundu. Likichelewa likafunuka, thamani yake imepotea. Kwa sababu hiyo kazi haingoji, na mchumaji hupanda juu kabisa ya mti, akiyavuta matawi ya mbali kwa upembo, yaani fimbo yenye kigoe. Na kitendo hicho huitwa kupemba. (Neno hili lafanana na jina la kisiwa, wala kufanana si ushahidi.) Tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika, na watu huanguka wakaumia. Vikisha kuchumwa, vishada huchambuliwa, karafuu mbali na makonyo mbali, na karafuu huanikwa juani juu ya majamvi siku kadhaa hata zikauka na kugeuka rangi. Mvua ikinyesha, watu wote hukimbilia kuzianua. Makonyo nayo hayatupwi, bali hutolewa mafuta katika kiwanda kilichoko Wawi, karibu na Chake Chake.

Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Wengi wetu huwafundisha watoto tarehe hiyo kana kwamba milango yote ilifunguliwa siku moja. Haikuwa hivyo. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa aende mwenyewe kuudai mbele ya wakuu, tena aonyeshe kwamba anapo mahali pa kukaa na njia ya kujilisha, asije akahesabiwa mzururaji. Fidia alilipwa bwana, hakulipwa mtumwa. Masuria hawakuingizwa katika amri ile, wakangoja mpaka amri nyingine ya 1909. Katika mwaka uleule wa 1897 Wakristo wa jamii ya Marafiki kutoka Uingereza, wakiongozwa na Theodore Burtt, walianzisha shamba la Banani, si mbali na Chake Chake, ili walioachwa huru wapate kazi ya ujira. Lakini waliobaki katika mashamba ya mabwana wao wa zamani walikuwa wengi, kwa kuwa uhuru walipewa, ardhi hawakupewa.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba si kila mkarafuu ulipandwa kwa shuruti. Wapemba wengi walikuwa na miti yao wenyewe, na kwa jambo hili Pemba ilitofautiana sana na Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba mengi ya matajiri yalitwaliwa, wakagawiwa watu ekari tatu tatu. Hata hivyo Pemba ndiyo itoayo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar mpaka leo.

Mwalimu apatapo nafasi, na asirudi kabla ya kufika Pujini, upande wa kusini mashariki wa mji. Hapo pana magofu ya ngome ya karne ya 15, yenye boma la udongo na mawe, na chumba cha chini ya ardhi ambacho ukutani mwake pamefinyangwa umbo la siwa kwa chokaa. Mapokeo yasema kwamba aliyetawala hapo aliitwa Mkame Ndume. Kukama ni kumtoa ng'ombe maziwa. Basi jina hilo lamaanisha mtu akamaye madume. Wazee husimulia kwamba watu waliojenga boma lake walibebeshwa mawe huku wakijikokota kwa matako, pasipo ruhusa ya kusimama. Yamkini masimulizi yameongeza chumvi. Lakini yametunza jambo ambalo kuta zenyewe haziwezi kulisema, kwamba kazi ile ilikuwa shokoa, na watu hawakuisahau kwa karne tano.

Vilima vya karafuu havijapata masimulizi ya namna hiyo. Uzuri wake umewafunika waliovipanda, maana mgeni husifu kivuli na harufu, kisha akaenda zake. Kwa hiyo twawaomba walimu walioko Pemba, na wale wapelekao wanafunzi huko, wasitosheke na kuwaonyesha ngome na magofu tu. Wawaulize wazee: shamba hili lilipandwa na nani? Watu wake walitoka wapi, nao waliitwaje? Vijiwe na mabonde haya, ni nani aliyeyapa majina? Tena wayaandike maneno ya kazi kama wayasikiavyo, pamoja na jina la kijiji yasemwapo. Mtoto aliyepanda mkarafuu pamoja na babu yake, akasikia habari za babu wa babu yake, ataweza kuutazama mteremko ule asiuite mwitu.