Mkate Mmoja: Habari ya Kikuyu na Sisi wa Ubungo

Sisi tukaao Ubungo, kando ya barabara ya Morogoro, twajua kupokea wageni. Miaka mingi mabasi ya bara yalishusha watu hapa, mpaka kituo kilipohamishiwa Mbezi mwaka 2021. Katika hao walikuwamo Walutheri wa Kilimanjaro, Wamoravia wa Tabora, Wakatoliki wa Songea, na Waanglikana wa Masasi, Muheza na Dodoma. Wote wamefundishwa kwamba mkate wa Bwana ni mmoja. Lakini majirani wa ua mmoja huenda Jumapili kwenye meza mbalimbali. Basi katika yubile hii yafaa tukumbuke jinsi jambo hili lilivyowasumbua waliotutangulia.

Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa makanisa kadha wa kadha ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, katika nchi iitwayo leo Kenya, ili kushauriana juu ya umoja. Waliona ni aibu kumletea Mwafrika Injili pamoja na mafarakano ya Ulaya. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliadhimisha Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, naye Askofu Willis wa Uganda alikuwapo. Wengi wasio Waanglikana wakapokea pamoja nao.

Habari zilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Unguja, ambaye dayosisi yake ilifika hata pwani yetu hii, alihuzunika sana. Akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashitaki wenzake wawili kwa uzushi na farakano. Kwake yeye, mkate huo ni muhuri wa umoja uliokwisha kuwapo. Tena bila uaskofu umoja huo haujatimia. Wale wa Kikuyu waliona ni chakula cha safari, kiwatiacho nguvu wasafiri wasiofika bado. Mwaka 1915 Davidson akajibu: hakuilaumu ibada ile, lakini alishauri isifanywe tena.

Tusiwacheke wazee hao. Waligombana kwa sababu pande zote mbili ziliuheshimu mkate. Na Weston hakuishia altareni. Mwaka 1920 alitoa kijitabu cha kupinga kazi ya shuruti waliyotwishwa Waafrika. Na mwaka 1923, huko London, aliwaonya Wakristo kwamba hawawezi kumwabudu Yesu katika Sakramenti na kumsahau katika maskini.

Mungu naye alifanya kazi polepole. Mwaka 1960 Mombasa na Unguja, zilizoshitakiana, zilikuwa dayosisi za Jimbo moja la Afrika Mashariki. Leo Mwanglikana wa Masasi, mwenye desturi za Unguja, na yule wa Dodoma, aliyelelewa katika mapokeo yale ya Mombasa na Uganda, hupiga magoti pamoja katika parokia moja hapa Dar es Salaam. Lakini pamoja na ndugu wengine, kama Wakatoliki, bado hatujafika.

Enyi walimu, wafundisheni watoto habari hii bila kumdharau mtu. Nasi sote, tukitoka kanisani, tumwangalie jirani ambaye jiko lake halikuwashwa leo. Meza ya kanisa hatuna amri ya kuiunganisha peke yetu. Lakini chakula cha nyumbani kimo mikononi mwetu. Tukimnyima jirani hicho, tumeupokeaje ule mkate wa Bwana?