Vitu Vilivyoachwa kwa Rafiki: Goma Kati ya Lava, Vita na Sheria ya Mwaka 1888

Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka na lava kushuka mpaka katikati ya mji wa Goma, watu walitoka na kile ambacho mikono iliweza kubeba. Wengi walivuka mpaka kwenda Gisenyi, wengine wakashika barabara ya Sake. Wale ambao moto haukuwa umewafikia bado walifanya jambo ambalo kila familia ya Goma inalijua: walikimbiza cherehani, redio, magodoro, masufuria makubwa ya sherehe, pengine na mabati ya akiba, kwa rafiki aliyekaa upande ambao lava haikuelekea. Hakuna aliyeomba karatasi. Nani angesimama kuandika "nimepokea cherehani moja" huku anga limekuwa jekundu?

Jambo hilo limerudi mara nyingi. Lilirudi Novemba 2012, M23 walipoingia mjini kwa mara ya kwanza. Lilirudi Mei 2021, lava iliposimama upande wa Buhene na siku chache baadaye wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wakaamriwa kuondoka. Lilirudi Januari 2025. Na kila mara, moto au risasi zikitulia, panaanza ugomvi mwingine ambao hautangazwi redioni. Mwenye vitu anarudi, anabisha mlango wa rafiki. Rafiki anasema viliporwa. Au viliungua. Au tuliviuza ili watoto wale. Au jibu linalouma kuliko yote: "Vitu gani? Uliniachia mimi?"

Wengi hudhani ugomvi wa namna hii hauna sheria, kwamba ni mambo ya aibu na ujirani tu. Sheria ipo, na ni ya zamani kuliko mji wenyewe.

Iliandikwa tarehe 30 Julai 1888, wakati mji mkuu ulikuwa Boma na nchi ikiitwa Dola Huru la Kongo, mali ya mfalme Leopold II. Ni amri juu ya mikataba, na mpaka leo wanasheria wa Kongo wanaiita kitabu cha tatu cha sheria za kiraia. Maneno yake mengi yalitoka katika sheria za Ubelgiji, nazo zilitoka katika sheria za Napoléon za mwaka 1804. Siku ilipotiwa sahihi, Goma haikuwa mji. Hata mpaka wa Kivu haukuwa umekubaliwa. Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikuja kupatana juu yake mwaka 1910. Lakini ndani ya amri hiyo kuna kurasa ambazo mtu angedhani ziliandikwa na mkaaji wa Majengo au Virunga.

Kwanza, sheria hiyo inatenganisha mambo mawili ambayo mtaani watu huyachanganya. Kuna kuazima: rafiki anachukua cherehani yako ili aitumie, kisha airudishe. Na kuna kuchungisha: unamwachia cherehani akuwekee, bila kuitumia. Tofauti hiyo si ndogo. Aliyeazima anatakiwa kurudisha kitu chenyewe, na kukitunza kama mtu mwangalifu anavyotunza nyumba yake. Tena kuna kanuni kali inayofaa sana mji wa volkano: ikiwa hatari imekuja na aliyeazima aliweza kuokoa kimoja tu, chake au cha kuazima, naye akachagua chake, basi atalipa kile kilichopotea. Aliyebeba godoro lake na kuacha la jirani hawezi kuisingizia lava peke yake.

Kwa anayechunga bila malipo sheria ni ya upole zaidi. Anadaiwa uangalifu uleule anaoutumia kwa vitu vyake mwenyewe. Vikiporwa kwa nguvu ambayo hakuweza kuizuia, hadaiwi. Lakini hana ruhusa ya kuvitumia, na mwenyewe akivitaka, avirudishe mara moja, hata kama walipatana muda mrefu zaidi. Kwa upande mwingine, ikiwa alitoa pesa kuvitunza, kwa mfano kulipia depo baada ya paa lake kubomoka, ana haki ya kurudishiwa pesa hizo, na anaweza kushikilia vitu mpaka alipwe. Watu waliorudi kutoka ukimbizini wakadaiwa "pesa ya kuchunga" wamekuwa wakiona hiyo ni dharau. Kodi ya kujitungia tu ni kweli ni dharau. Gharama yenye ushahidi ni haki.

Na kama rafiki amekufa, watoto wake wakauza kabati bila kujua kwamba halikuwa la baba yao? Sheria haiwaiti wezi. Wanadaiwa bei waliyopokea, basi.

Shida kubwa ni ushahidi. Sheria inataka maandishi kwa kitu chochote kinachopita franka 2.000, hata kwa vitu vilivyowekwa kwa hiari. Na kwa vitu vilivyowekwa kwa hiari bila karatasi, inaongeza jambo linalowashangaza wengi: anayeaminiwa ni yule aliyepokea. Akisema hakupokea, au alipokea viwili si vitano, au alikwisha kurudisha, neno lake ndilo linalosimama.

Kuhusu hizo franka 2.000, pesa ya nchi imekufa na kufufuka mara tatu huku namba ikibaki palepale kwenye karatasi. Mwaka 1967 zaire moja ilichukua nafasi ya franka 1.000. Mwaka 1993 zaire mpya moja ikachukua nafasi ya zaire milioni 3. Mwaka 1998 franka ya Kongo moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100.000. Leo franka 2.000 hazifiki hata dola moja. Ukiisoma kanuni hiyo kwa herufi zake tu, hata ndoo ya plastiki na sufuria vingehitaji mkataba wenye sahihi.

Lakini walioandika mwaka 1804, na walionakili mwaka 1888, walijua kwamba kuna siku ambazo hakuna anayeandika. Ndiyo maana waliweka aina ya pili ya kuchungisha, ile ya lazima: vitu vilivyoachwa kwa mtu kwa sababu ya moto, kubomoka kwa nyumba, uporaji, kuzama kwa chombo au tukio jingine lisilotazamiwa. Hapo hali inageuka. Mashahidi wanakubaliwa, hata thamani ikiwa kubwa kiasi gani. Jirani aliyesaidia kubeba, kijana wa chukudu aliyesukuma mzigo, mama aliyekuwa jikoni wakati vitu vinaingia, wote wanaweza kusemea mbele ya jaji. Moto na uporaji vimetajwa kwa majina yao. Kwa mji kama Goma, kifungu hicho kina thamani kuliko kurasa mia za sheria nyingine, na ni huzuni kwamba hakisikiki sana kwenye vipindi vya redio.

Swali la pili ni hili: kesi hiyo ilipelekwa wapi? Wakati wa Wabelgiji, si mahali pamoja kwa wote. Amri ya 15 Aprili 1926 ilipanga mahakama za wenyeji, za chefferie, za sekta na za teritware, ambamo machifu na wazee waliamua kwa desturi. Sheria ya 1888 ilikuwa hasa ya Wazungu na ya wale waliohesabiwa kama wao. Mkulima wa Bukumu aliyeazimisha mbuzi au jembe alisimama mbele ya wazee, akaleta mashahidi, na hakuna aliyemuuliza karatasi. Katika jambo hilo moja, mahakama iliyodharauliwa ilikuwa karibu zaidi na maisha ya watu kuliko ile iliyoheshimiwa.

Baada ya uhuru serikali ilitaka mlango mmoja kwa wote. Amri yenye nguvu ya sheria ya 10 Julai 1968 ilianzisha tribunal de paix, mahakama ya kwanza na ya karibu zaidi na raia, ili ichukue nafasi ya zile za desturi. Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Katika maeneo mengi majaji hawakutumwa, na mahakama za desturi ziliendelea kwa miaka mingi zikingoja waridhi wao. Mpango huo ulipangwa upya mwaka 1982, kisha kwa sheria ya 11 Aprili 2013, ambayo ndiyo inayotaja mpaka wa leo: Tripaix, kama watu wa Goma wanavyoiita, inasikiliza mabishano ya familia, ya urithi, ya mashamba ya desturi, na madai mengine yote ambayo thamani yake haipiti franka za Kongo 2.500.000. Cherehani, godoro, televisheni na jenereta ndogo vinaingia humo bila shida. Kinachozidi hapo kinaenda Tribunal de grande instance.

Kongo haina mahakama ya pekee ya madai madogo kama ile ambayo Kenya iliianzisha kwa sheria ya mwaka 2016, yenye mpaka wa shilingi milioni 1 na siku 60 za kumaliza kesi. Tripaix ndiyo iliyo karibu zaidi. Jaji mmoja anatosha kwa kesi ya kawaida ya kiraia. Desturi ikihusika, wazee wawili wanakaa naye. Mlango wa kuingilia ni meza ya grefye, karani wa mahakama: mlalamikaji anatoa jina lake na la mwenzake, mahali wanapokaa, kitu anachodai na sababu kwa ufupi, kisha huissier anapeleka wito. Asiye na pesa za kuweka anaweza kuomba cheti cha umaskini. Mabishano husikika kwa Kiswahili, hukumu huandikwa kwa Kifaransa, na watu wengi wametoka na karatasi waliyoshinda bila kuweza kuisoma.

Kwa nini basi wachache ndio wanaofika huko? Gharama ni sababu moja, hofu ya majaji ni nyingine, lakini iliyo kubwa ni njia ya mkato. Mwenye vitu anakwenda polisi na kusema rafiki yake ni mwizi. Ni kweli kwamba sheria ya jinai ya mwaka 1940 inaadhibu anayekula kwa hila kitu alichopewa ili akirudishe, kuanzia miezi mitatu hadi miaka mitano ya kifungo. Lakini hila inabidi ithibitishwe, na aliyeporwa pamoja na vitu vya mwenzake hana hila yoyote. Mara nyingi rafiki analala kizuizini usiku mmoja, familia inatoa pesa za kumtoa, na pesa hizo haziendi kwa mwenye cherehani. Cherehani haijarudi, urafiki umekwisha.

Kosa jingine ni kumvamia mnunuzi. Aliyenunua redio sokoni kwa nia njema, bila kujua ilikotoka, analindwa na sheria: kwa vitu vya kubebeka, anayevishika anahesabiwa kuwa mwenyewe. Kilichoibiwa au kupotea kinaweza kudaiwa ndani ya miaka mitatu. Kilichokabidhiwa kwa hiari kisha kikauzwa na rafiki hakiitwi kilichoibiwa. Anayedaiwa ni rafiki, si muuza redio wa soko la Virunga.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mwisho wa Januari M23 waliuchukua mji, na kazi ya mahakama za Jamhuri mjini Goma ikasimama. Mwezi wa pili kambi za pembeni, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, zikaondolewa watu. Familia ambazo zilikuwa zimekimbia Rutshuru na Masisi zikafungasha kwa mara ya pili au ya tatu, na vile visivyobebeka, mahema, vitanda vya mbao, bidoni za mafuta, zikaviacha kwa wenyeji waliokuwa wakiwauzia mkaa na unga. Safari hii aliyeacha na aliyeachiwa hawakuwa wamefahamiana hata mwaka mmoja. Na grefye ambako wangeandikisha dai haikuwepo tena.

Kilichobaki ni wazee, nyumba kumi, shefu wa avenyu, mchungaji au imamu wa mtaa. Mapatano yaliyoandikwa mbele yao na kutiwa sahihi na pande zote mbili yana uzito, kwa sababu siku mahakama itakapofunguka yatakuwa ndiyo karatasi ambayo siku ya kukimbia haikupatikana. Simu nayo imeleta jambo ambalo watu wa 1888 hawakuliota. Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inatambua maandishi ya elektroniki, hivyo ujumbe wa "vitu vyako niko navyo, usiogope" unaweza kuonyeshwa kwa jaji, mradi hajaufuta aliyeutuma wala aliyeupokea.

Muda wa kudai ni miaka 30. Kwa dai lililozaliwa siku ile ya lava, Januari 2002, hesabu hiyo inafika Januari 2032. Na anayechunga kitu cha mwingine hageuki kuwa mwenyewe kwa sababu tu miaka imepita.